Tupimieni mlango wa kutokea: barua ya wazi kwa majaji wa tuzo za uwekezaji

Kwa waandaaji, wadhamini na majaji wa tuzo za kampuni zinazowahudumia wawekezaji binafsi,

YAH: VIGEZO VYENU VYA USHINDI

Waheshimiwa,

Salamu sitazirefusha. Msimu wenu umefika, na nimeujua kwa dalili ile ile ya kila mwaka: kampuni inayonitunzia hisa, ambayo kwa kawaida hunikumbuka siku ya makato tu, imeanza kuniita rafiki. Barua pepe tatu ndani ya wiki mbili. "Kura yako ina thamani." "Bado hujachelewa." Ya tatu ina picha ya kishikwambi kitakachoshindaniwa kwa bahati nasibu na watakaopiga kura, na chini yake kitufe kikubwa cha kijani. Nilikibonyeza. Kikanipeleka kwenye fomu ambayo, mahali pa kuandika chaguo langu, jina la kampuni hiyo lilikuwa limeshajazwa. Kilichobaki ni mimi kuweka anwani yangu na kukubali.

Sikukubali. Fomu bado iko wazi kwenye simu, na badala ya kuituma nimekaa kuwaandikia ninyi.

Mimi si mchumi wala mchambuzi. Ni mwekezaji mdogo mwenye miaka 13 kwenye shughuli hii, yule wa kidogo kidogo: mshahara ukiingia, fungu fulani linakwenda kwenye hisa chache na mfuko mmoja wa pamoja kabla halijapata upenyo wa kuliwa. Watu wa namna yangu hatuna idara ya sheria. Tunapochagua pa kuweka akiba tunaangalia ada, tunawauliza ndugu na marafiki, na tusifichane, tunaangalia nembo zenu. Ile duara ya dhahabu yenye mwaka na neno "Mshindi" ndiyo iliyoniingiza mahali ambapo kutoka kulinichukua wiki 11.

Ilikuwa hivi. Kampuni niliyoanza nayo ilipandisha ada ya utunzaji, nikaamua kuhama. Sikutaka kuuza chochote; nilitaka hisa zihame kama zilivyo. Kufungua akaunti kulikuwa kumenichukua dakika 9: kitambulisho mbele ya kamera, geuza uso kulia, geuza kushoto, hongera, karibu. Kuhama kulitaka fomu ya karatasi, saini ya wino na posta. Fomu ya kwanza ikarudishwa kwa maelezo kwamba saini haifanani na iliyoko kwenye faili. Iliyoko kwenye faili niliichora kwa kidole kwenye kioo cha simu, nikiwa nimesimama.

Nikapiga simu. Ikapokewa na sauti iliyorekodiwa, changamfu kabisa: "Asante kwa kuwasiliana na washindi wa tuzo ya huduma bora kwa wateja." Kisha muziki. Kila baada ya dakika mbili hivi muziki unakatika na washindi wanajitambulisha upya. Siku hiyo walijitambulisha kwangu mara 19. Nilikuwa nahesabu kwa vijistari pembeni mwa daftari maana sikuwa na la kufanya. Kijana niliyempata mwishowe alikuwa mpole sana. Alinieleza kwamba uhamisho hauko mikononi mwake, uko "idara ya nyuma", na idara ya nyuma haina namba ya simu. Simlaumu hata kidogo. Nadhani naye idara hiyo alikuwa akiisikia tu.

Hisa zenyewe hazikuandikwa kwa jina langu. Zilikuwa kwa jina la kampuni inayozishika kwa niaba ya wateja wote, jambo la kawaida na halali katika huduma hizi, ila maana yake ni kwamba usipopitia kwao huna njia nyingine. Msajili wa hisa hakujui. Basi nikangoja. Wiki ya tano zikafika hisa za kampuni mbili kati ya sita. Gawio lililolipwa katikati ya safari likaingia kwenye akaunti ya zamani ambayo nilikuwa nimeshafungiwa nisiingie. Vipande visivyotimia hisa nzima havihamishiki, kwa hiyo viliuzwa, na kila uuzaji ukakatwa ada ya chini kabisa ya muamala. Kipande kimoja kilikuwa na thamani ndogo kuliko ada iliyokikata, nikabaki nadaiwa kwa kuuza mali yangu. Rekodi ya bei nilizonunulia haikusafiri kabisa. Niliijaza mwenyewe usiku, kutoka barua pepe za zamani. Na muda wote huo soko lilipanda, likashuka, likapanda tena, nami sikuweza kuuza hata hisa moja.

Kila barua pepe ya kunitaka radhi ilikuwa na nembo yenu chini yake.

Mtu ataniambia mambo haya ni magumu kiufundi, yanahitaji muda. Marekani kanuni za FINRA, shirika linalosimamia madalali wa hisa huko, zinaitaka kampuni inayohamwa ithibitishe maelekezo ya mteja au itoe pingamizi ndani ya siku 1 ya kazi, kisha ikamilishe uhamisho ndani ya siku 3 za kazi baada ya kuthibitisha. Siku, si miezi. Wanaweza kwa sababu wamebanwa. Uingereza nako, mdhibiti wa huko, FCA, alipochunguza majukwaa ya uwekezaji na kutoa ripoti yake ya mwisho Machi 2019, moja ya mambo aliyoyakuta ni kwamba wateja wanaotaka kuhama hukumbana na ugumu, muda mrefu na gharama, akapendekeza ada za kuondokea zipigwe marufuku au ziwekewe kikomo. Kwa hiyo tatizo linajulikana na dawa yake inajulikana. Ninyi tu ndio hamjaliuliza.

Ninyi mnauliza nini? Maneno yanayorudi kwenye vipengele vyenu ni ubunifu, urahisi wa kuanza, mwonekano wa programu, "uzoefu wa mteja". Yote haya ni mambo ya mlango wa kuingilia. Majaji wanaonyeshwa programu kwenye skrini kubwa, na programu ikionyeshwa na aliyeitengeneza, siku ya soko tulivu, kwa akaunti ya mfano, haiwezi kukosa kupendeza.

Kumbukeni Robinhood, kampuni ya Marekani inayowawezesha watu kununua na kuuza hisa kwa simu. Mwaka 2015 programu yao ilipata tuzo ya usanifu ya Apple, na kwa haki; hata wapinzani wao walikiri ilikuwa nzuri kutazama, ikaja kuigwa kila mahali. Tarehe 2 Machi 2020, siku ambayo Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, kilipanda kwa takriban pointi 1,290 kwa mkupuo, programu hiyo nzuri ilizimika karibu siku nzima ya biashara. Mwenye kutaka kununua hakununua, na mwenye kutaka kujitoa alibaki ndani. Juni 2021 FINRA iliitoza kampuni hiyo adhabu ya karibu dola milioni 70, faini pamoja na fidia kwa wateja, kwa kuzimika huko na kwa makosa mengine yakiwemo taarifa za kuwapotosha wateja. Kampuni ilikubali adhabu bila kukiri wala kukana. Siwalaumu waliotoa tuzo ya 2015, maana walipewa kazi ya kuhukumu usanifu wakahukumu usanifu. Ninyi mmejipa kazi nyingine: mnasema mnamtetea mwekezaji. Basi kwenye fomu zenu liko wapi swali la dakika ngapi mfumo ulizimika katika siku zile kumi za mwaka zilizokuwa na pilikapilika kuliko zote?

Au tazameni mifuko. Neil Woodford alikuwa jina kubwa kuliko yote katika usimamizi wa mifuko Uingereza; mwaka 2013 alipewa CBE, nishani ya heshima ya kifalme, kwa mchango wake katika uchumi. Mfuko wake mkuu, Woodford Equity Income, ulikaa kwenye orodha ya mifuko inayopendekezwa na Hargreaves Lansdown, jukwaa kubwa kuliko mengine nchini humo, hadi siku ile ile uliposimamishwa, tarehe 3 Juni 2019. Fedha za watu zaidi ya 300,000 zikafungiwa ndani. Kilichousimamisha kinaeleweka hata na sisi wa kawaida: mfuko uliahidi watu wangeweza kutoa fedha siku yoyote, huku sehemu yake kubwa ikiwa imewekwa kwenye kampuni ndogo na zisizo sokoni, ambazo huwezi kuziuza kwa siku moja. Watu wachache wakatoka, wakafuata wengi, kisha halmashauri ya jimbo la Kent, mwekezaji mkubwa humo, ikataka kuchukua fedha zake kwa pamoja, na mlango ukafungwa. Oktoba ya mwaka huo ikaamuliwa mfuko uvunjwe. Orodha za wabora na nishani zote zilikuwa zimeupima mfuko huo ukipokea watu.

Kuna kipengele kimoja ambacho sitakizungusha. Tuzo nyingi za sekta hii zina zawadi ya mtoa huduma bora wa ile mikataba ya tofauti ya bei, CFD, ambapo mteja anaweka dau juu ya kupanda au kushuka kwa bei kwa fedha nyingi kuliko alizonazo. Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida kwenye biashara hiyo hupoteza fedha, na kuanzia tarehe 1 Agosti mwaka huo kila kampuni ikalazimishwa kuandika asilimia yake yenyewe kwenye matangazo. Matokeo yake kuna kurasa ambazo nembo ya "bora" na onyo la kwamba wateja saba au wanane kati ya kumi wanapoteza vimekaa pamoja, vimetenganishwa na mstari mmoja mwembamba. Namba mnayo, imeandikwa na mshindi wenu mwenyewe. Nani kati yenu ameiweka kwenye mizani?

Sasa suala la fedha, maana ndilo linalosemwa kwa kunong'ona. Najua hafla ina gharama. Ukumbi haulipwi kwa makofi. Hivyo kuna ada ya kuwasilisha jina, kuna meza zinazouzwa, kuna wadhamini wa vipengele, na mara nyingi kuna malipo ya kutumia nembo baada ya kushinda. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho wizi. Lakini mwekezaji anayeiona nembo hajui kama mshindi alishindana na kampuni 40 au na moja, wala hajui kama aliyemshinda ni bora au ni yule asiyelipia fomu. Vipengele navyo vinazaana mwaka hadi mwaka, mpaka inafika mahali ukumbi mzima unarudi nyumbani na kitu. Mnaijua methali ya mgema kusifiwa. Hapa imegeuka: mgema ndiye anayelipia sifa, na anazilipia kwa fedha za tembo alilokwisha kulitia maji.

Fedha hizo ni zetu, ndiyo maana naona nina haki ya kuuliza. Ada ya mwaka ya asilimia 1.5 haiogopeshi ukiitazama siku ya kuingia. Lakini chukua 100 ya sarafu yoyote, ikue kwa asilimia 6 kwa mwaka kwa miaka 30: ukikatwa asilimia 0.3 kila mwaka unaondoka na takriban 527; ukikatwa asilimia 1.5 unaondoka na takriban 375. Tuzo ya "gharama nafuu" inayopewa kampuni kwa sababu haitozi kamisheni ya kununua, bila kuuliza nini kinakatwa kila mwaka, faida ya kubadilishia fedha za kigeni ni kiasi gani, na riba ya fedha zilizolala inakwenda kwa nani, imepima kizingiti ikaacha nyumba.

Nina jambo la mwisho la kuwaonyesha, nalo si langu, ni la shangazi yangu. Mumewe alikuwa na akaunti ya hisa. Alipofariki, shangazi alipeleka cheti cha kifo, akapewa namba ya kumbukumbu na kuambiwa asubiri. Wiki tatu baadaye, kwenye simu ya marehemu ambayo alikuwa bado hajaizima kwa sababu zake mwenyewe, ukaingia ujumbe wenye puto za rangi: "Tumekukosa! Ingia leo uone soko lilivyo." Siku chache mbele ukaja mwingine ukimtaka marehemu athibitishe utambulisho wake kwa picha ya uso, la sivyo akaunti ingewekewa vizuizi. Shangazi alinipa simu nimsomee, akidhani ameelewa vibaya. Nilimsomea. Hakusema kitu, akaniambia nimwekee maji ya chai.

Kila mwekezaji binafsi ataondoka siku moja, kwa kuhama, kwa kuuza au kwa kufa. Hilo la tatu ndilo pekee ambalo kila mteja wa kila kampuni atalifikia, na sijawahi kuona kipengele cha tuzo kinacholigusa.

Ninachoomba ni kidogo, na hakihitaji hafla kubwa zaidi. Kabla hamjaliweka jina la kampuni yoyote kwenye orodha ya wanaowania, itakeni iwape namba za mwaka mzima uliopita: maombi mangapi ya kuhama ilipokea, na lile la katikati, wala si la haraka kuliko yote, lilichukua siku ngapi. Familia za wateja waliofariki zilingoja muda gani kuanzia cheti cha kifo hadi kukabidhiwa mali. Malalamiko mangapi msuluhishi wa nje aliyaamua kwa faida ya mteja. Zichapisheni namba hizo kando ya jina la kila anayewania, mshindi na aliyeshindwa. Asiyetaka kuzitoa asiwanie; hilo nalo ni jibu, na sisi wateja tutajua namna ya kulisoma.

Kura za wateja ziendelee, sina ugomvi nazo, ila muwaulize na walioondoka. Kampuni zina anwani zao zote. Tena zinazitumia, mimi bado napata ofa.

Na chini ya nembo andikeni, kwa herufi zinazosomeka, waliwania wangapi na mshindi amewalipa nini. Haitapendeza kwenye duara la dhahabu, najua. Fanyeni duara liwe kubwa kidogo.

Mnaweza kusema namba zikija hivyo, kuna vipengele vitakosa mshindi anayestahili. Acheni viti vibaki vitupu. Mwaka 1948 kamati ya Nobel haikutoa tuzo ya amani, ikieleza kwamba hapakuwa na mtu aliye hai anayefaa, na tuzo hiyo haikufa kwa ajili hiyo. Fikirieni mshereheshaji akipanda jukwaani mbele ya meza zote zile zilizolipiwa, afungue bahasha ya "huduma bora kwa wateja", na asome: mwaka huu hakuna. Asubuhi yake idara zote za nyuma zingepata namba za simu.

Fomu yenu, kama nilivyosema, bado iko wazi kwenye simu yangu. Nimelifuta jina lililokuwa limejazwa, na nafasi ya chaguo sasa ni tupu. Mwisho wa kupiga kura ni Ijumaa. Mkinijibu kabla ya hapo, hata kwa kunieleza kwa nini haiwezekani, nitaijaza na kuituma kwa moyo mmoja. Msiponijibu, kishikwambi mpeni mwingine.

Wenu,

Mwekezaji binafsi, ambaye gawio lake la wiki ya sita bado halijaonekana